Anayeilipia Betri: Hesabu ya Bajaji ya Umeme Tabora

Dereva anayefikiria kuachana na petroli huanza na swali moja: kuchaji ni shilingi ngapi? Ni swali la haki, ila jibu lake ni tamu mno, na utamu huo umewaponza wengi.

Tuchukue bajaji ya umeme ya kawaida, yenye betri tano za volti 12 zilizounganishwa kwa mfululizo kupata volti 60, kila moja ikiwa ya ampea-saa 100. Seti hiyo ikijaa inabeba kama uniti sita za umeme. Dereva akitumia sehemu nne kati ya tano za chaji hiyo, kisha ukaongeza umeme unaopotea kama joto kwenye chaja na ndani ya betri zenyewe, LUKU itakatwa kama uniti sita na nusu. Bei ya kundi la T1 la TANESCO ni shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na takriban shilingi 356 baada ya makato hayo. Kwa hiyo kuijaza bajaji ni kama shilingi 2,300, na kwa fedha hiyo itatembea kilomita 60 hadi 70 ndani ya mji. Ya petroli itakunywa lita mbili na kidogo kwa safari hizohizo. Lita ikiwa karibu shilingi elfu tatu, hapo kuna shilingi 6,500 hadi 7,000. Akiba ni zaidi ya elfu nne kwa siku, na hapo ndipo muuzaji hufunga daftari lake na kukupa kalamu utie sahihi.

Betri haijahesabiwa bado. Kwa mfano tu, tuseme kila betri ni shilingi laki tatu, seti nzima milioni moja na nusu. Seti ikidumu kwa chaji 500, kila chaji inabeba shilingi 3,000 za betri. Ikidumu kwa chaji 300, ni 5,000. Ikifa kwenye chaji ya 150, ni shilingi 10,000 kwa kila siku ya kazi, na mwenye bajaji ya petroli anampita huku akipiga honi. Kwa hesabu hii mizani inasimama kwenye chaji kama 340. Ukijumlisha oili, plagi na matengenezo ya injini ambayo mwenye umeme hayajui, inashuka hadi kama 300, yaani mwaka mmoja wa kazi, siku sita kwa wiki. Betri ikivuka mwaka, umeme umelipa. Ikifa kabla ya hapo, petroli ilikuwa nafuu.

Ndiyo maana nasema kwamba swali la kuchaji na kutunza betri, kwa mji kama Tabora, si la ufundi pekee. Ni swali la nani anailipia betri, na je, huyo ndiye anayeishika kila siku?

Betri zinazotumika zaidi kwenye vyombo vya bei ya chini bado ni za risasi na asidi, ukoo uleule ulioanzishwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ni nzito. Moja ya ampea-saa 100 ina kilo 28 hadi 30, na huo ndio uzito aliokuwa akijitwisha mpagazi wa Kinyamwezi karne ya 19 kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na mwingine kuendelea hadi Ujiji. Kila bajaji ya umeme inayokatiza Ng'ambo au Isevya imebeba mizigo ya wapagazi watano chini ya kiti kabla abiria wa kwanza hajapanda. Mji wenyewe uko tambarare, jambo la heri, lakini kwenye barabara za mchanga kilo 150 hizo zinadai umeme wake, na kilomita 70 za kwenye karatasi zinageuka 50 bila mtu kuibiwa.

Betri ya risasi inauawa hasa na kukaa bila chaji. Inapotoa umeme, sahani zake hufunikwa na salfeti ya risasi, na ukiichaji mapema salfeti hiyo inarudi kuwa risasi na asidi. Ukiiacha imeisha kwa siku kadhaa, inakomaa na kuwa fuwele ngumu ambazo chaja ya kawaida haiziyeyushi tena, na sehemu hiyo ya sahani imetoka kazini moja kwa moja. Dereva anayekwenda msibani Kigoma kwa wiki mbili na kuacha bajaji imeisha chaji nyuma ya nyumba, akirudi atasema amerogwa. Angeijaza kabla ya kuondoka angeikuta salama.

Kuna tabia nyingine inayoua betri polepole zaidi, na hiyo haionekani kuwa kosa. Dereva anamaliza chaji saa kumi jioni, bajaji inakata. Anaegesha kivulini nusu saa, anawasha tena, na mshale wa chaji umepanda. Betri imejirudi, anasema, na anapata safari mbili zaidi. Kwa kweli betri haijarudisha kitu chochote. Ilipokuwa ikivutwa kwa nguvu, asidi iliyo ndani ya sahani iliisha kabla ya asidi iliyo nje. Katika kupumzika imepenya ndani na volti zimepanda, huku akiba yenyewe ikiwa ileile ndogo. Safari mbili za kujirudi ndizo zinazozamisha betri chini kabisa, na ndizo ghali kuliko zote alizofanya siku hiyo. Betri ya risasi inayotumika nusu tu kila siku huenda mara mbili, au karibu na hapo, ya inayokamuliwa hadi tone la mwisho. Ikiwa seti imepumzika saa moja au zaidi na mita inasoma kama volti 61, nusu imekwisha. Hapo ndipo pa kurudi nyumbani.

Dawa rahisi ni kuchaji mchana. Saa mbili za kuchaji wakati wa chakula, kwa chaja ya ampea 15, zinarudisha karibu theluthi ya chaji. Wapo wanaoogopa kwamba kuchaji mara mbili kwa siku kunamaliza maisha ya betri haraka. Kwa betri za risasi ni kinyume chake, mradi usiku ijazwe hadi mwisho. Tabora inafaa sana kwa hilo: kutoka stesheni hadi Kitete, au kutoka soko kuu hadi Ipuli, hakuna umbali wa kumzuia dereva kurudi kwake mchana.

Tatizo ninalolionea uchungu zaidi hutokea kwa fundi. Dereva anafika na kusema, "Fundi, bajaji haivuti." Kiti kinafunguliwa, vumbi linapanguswa kwenye vichwa vya betri, na mita ya volti inapita moja baada ya nyingine: 12.6, 12.6, 12.5, 12.6, halafu ya mwisho 11.4. Jumla ni 61.7, na ndiyo maana saa ya mbele ilikuwa inamwambia dereva kwamba chaji imezidi nusu. Saa inasoma jumla tu. Haijui kwamba mmoja kati ya watano ni mgonjwa. Dereva akikanyaga moto, huyo mgonjwa anaanguka ghafla, na wenzake wanne wanapitisha umeme ndani yake kinyumenyume.

Usiku mambo yanageuka na wanaoumia ni wazima. Chaja ya seti hii hulenga kama volti 73.5, yaani 14.7 kwa kila betri. Mgonjwa akikwama kwenye 13.5, nne zilizobaki zinagawana zilizosalia na kila moja inapata 15. Kwa volti hizo zinachemka, zinapoteza maji na kuvimba. Baada ya mwezi au miwili, seti yenye betri moja mbovu inakuwa na tano mbovu. Mita ambayo bei yake haifiki hesabu ya siku mbili ambayo dereva humpelekea tajiri, mwenye chombo, ikitumika kila Jumapili kupima betri moja moja, ingelitambua hilo mapema. Sijui chombo kingine cha bei hiyo kinachookoa fedha nyingi hivyo, na natamani kila kijiwe cha bajaji kiwe nacho kimoja cha wote.

Kwa kawaida fundi huchomoa ile moja na kuweka mpya. Dereva anaondoka na furaha, na furaha hiyo haikai. Betri mpya kati ya nne zilizochoka haipati chaji inayolingana nayo, na zile za zamani zinaendelea kuisha mapema na kuikatia safari. Afadhali kutafuta iliyotumika yenye umri na nguvu sawa na hizo nne. Lakini kama seti imeshafika mwaka, zibadilishwe zote tano, na zile mbili au tatu zenye nafuu zipelekwe nyumbani kuwasha taa na redio kwenye sola, kazi nyepesi ambayo bado zinaiweza.

Sasa joto. Mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, joto la mchana Tabora hupita nyuzi 32, na chini ya kiti cha bati mambo ni makali zaidi. Kanuni inayokubalika kwa betri za risasi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake kwa nusu. Bajaji iliyotoka juani saa nane isichomekwe papo hapo. Ipate kwanza kivuli, na miembe ya Tabora haijaanza leo kuwapumzisha wasafiri. Usiku ndio wakati wake wa kujazwa hadi mwisho, hasa baada ya saa nne au tano, mitaa ikishalala na umeme kutulia. Jioni, pasi na majiko na runinga zikiwa kazini, volti za mtaani hushuka na chaja hafifu huhangaika.

Umeme wenyewe nchini umeongezeka. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na mtambo wa kwanza uliingia kwenye gridi mwaka 2024. Lakini kuzalisha Rufiji ni kitu kimoja na kufikisha umeme Kiloleni bila kukatika ni kingine. Ukikatika saa tisa usiku, betri imeshiba robo tatu tu, na dereva anatoka alfajiri akidhani imejaa. Mara moja si neno. Ikiwa hivyo wiki nzima, salfeti inaanza kujijenga. Kwa hiyo angalau mara moja kwa wiki iachwe kwenye chaja hadi taa ya kijani iwake yenyewe, hata ikibidi kupoteza asubuhi.

Kuna jambo la LUKU ambalo wachache hulitazama kabla ya kununua. Nyumba nyingi ndogo ziko kundi la D1, shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na zinazozidi hapo hulipiwa shilingi 350 kabla ya kodi. Bajaji inayochajiwa siku 26 inakula kama uniti 170 peke yake. Mpangaji anayechaji kwenye mita ya pamoja atawatoa wenzake wote kwenye nafuu yao, na ugomvi wa uani utaanza mwezi huohuo. Afadhali mita ya pekee ya kuchajia, iliyowekwa wazi tangu mwanzo.

Kwa betri zenye vifuniko vya kuongezea maji nitasema machache: ni maji ya betri tu, yaliyosafishwa, si ya bomba wala ya kisima, na yaongezwe baada ya kuchaji. Asidi haiongezwi, kwa sababu kilichopungua ni maji. Chumba kiwe na hewa, sigara na mshumaa vikae mbali, maana betri inayochemka hutoa haidrojeni.

Wanaouza lithiamu watasema wasomaji wangu wanapoteza muda na betri za babu zao, na kwa sehemu wana haki. Aina ya lithiamu yenye chuma na fosfeti, inayofaa zaidi kwa vyombo hivi, inahimili chaji 2,000 na kuendelea, uzito wake ni kama theluthi ya risasi, na haidhuriki ikikaa nusu chaji. Kwa kweli inapenda hivyo. Hata ikiuzwa mara tatu ya bei ya risasi, kwa kila chaji inakuwa nafuu. Mimi ningeinunua, kwa masharti.

Sharti la kwanza ni chaja yake yenyewe. Chaja ya risasi yenye hatua ya kuchemsha salfeti haifai kwa lithiamu, na volti za mwisho zisipolingana saketi ya ulinzi itakata, au kama ni duni, itaacha seli zizidishwe. La pili ni kufahamu kwamba volti za aina hii hukaa karibu palepale kutoka juu hadi karibu na mwisho, kwa hiyo mita inayomsaidia mwenye risasi humdanganya mwenye lithiamu; huyo ahesabu kilomita. La tatu ni fundi. Betri ya lithiamu ikigoma mara nyingi ni seli moja au saketi ya ulinzi, na anayeweza kuifungua bila kuilipua ni nadra. VETA ina chuo Tabora, na mji huu umefundisha mafundi wa reli kwa miaka mingi; somo la betri za lithiamu halikosi mahali pa kufundishiwa, linahitaji kuanzishwa, na lianze kabla reli ya kisasa haijawachukua vijana wote wa umeme.

Moto nao usipuuzwe. Jiji la New York lilipoteza watu 18 mwaka 2023 kwa mioto ya betri za lithiamu za baiskeli na skuta za umeme, nyingi zikichajiwa ndani ya makazi. Seli zilizookotwa kwenye kompyuta za zamani na kuunganishwa upya, chaja isiyo yake, kuchajia koridoni usiku familia imelala ndani: hiyo ndiyo njia ya msiba. Chajia nje au barazani chini ya bati, mbali na mlango ambao watoto watatokea.

Miji mingine imekwepa haya yote kwa kumwondolea dereva betri. Ampersand walianza Kigali mwaka 2019: dereva anamiliki pikipiki, kampuni inamiliki betri, chaji ikiisha anabadilishiwa kituoni kwa dakika chache. Kampala na Nairobi nako zipo kampuni za namna hiyo, na Kenya mwaka 2023 ikatenga bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, shilingi zao 16 kwa uniti na 8 kwa saa za usiku. Uzuri wa mpango huo ni kwamba anayegharimia betri ndiye anayeichaji, ana wahandisi, na akiona moja inachoka anaitoa kabla haijaua wenzake. Lakini unahitaji maelfu ya vyombo vyenye betri za umbo moja. Tabora vyombo ni vichache, kila kimoja na betri ya ukubwa wake, na ukitoka mjini mji wa kwanza wa maana uko mbali: Sikonge kama kilomita 70, Urambo kama 90, Nzega zaidi ya 110. Kituo kimoja cha kubadilisha betri hapa kingekuwa peke yake porini.

Kwa hiyo tunabaki na hesabu na mkataba, na hapo ndipo penye kidonda. Dereva wa hesabu anapeleka kiasi fulani kwa tajiri kila siku. Betri ikifa, tajiri ndiye anayenunua. Dereva huyo ana sababu gani ya kurudi nyumbani volti zikifika 61, wakati safari mbili za kujirudi ni fedha yake ya mboga? Simlaumu hata kidogo; mpango ndio unaomwelekeza huko. Dereva wa mkataba, anayelipa hadi chombo kiwe chake, yuko kinyume: betri ikifa katikati ya mkataba, analipia chombo kilicholala na wakati huohuo anatafuta milioni na nusu. Nionavyo mimi, mikataba mingi ya umeme itavunjikia hapo.

Njia ya kutoka ni kuiandika betri kwenye karatasi kama kitu cha pekee. Kwa hesabu ya mfano wetu, shilingi 5,000 kwa siku ziende kwenye mfuko wa betri, pembeni ya hesabu, na mfuko huo uwe wa wote wawili: seti ikivuka siku 300, kinachozidi kigawanywe nusu kwa nusu. Dereva akijua kwamba kila mwezi ambao betri inaongeza umri ni fedha yake, atainunua mita mwenyewe. Tajiri naye hatapandisha hesabu hadi kiwango kinachomlazimisha dereva kukamua betri. Na katika daftari hilohilo ziandikwe volti za betri zote tano kila Jumapili, ili siku ya ubishi kuwe na maandishi.

Sola huulizwa sana, kwa kuwa jua la kiangazi Tabora ni kali na la uhakika. Kwa bajaji ya abiria shida ni saa: jua linapochaji, bajaji iko kazini. Paneli nne au tano za wati 400 zingeijaza, lakini tu ikiwa imeegeshwa. Kwa guta linalobeba asali, maji au mazao mara mbili tatu kwa wiki kijijini, ambako kituo cha mafuta kiko mbali, sola inafaa sana, na huko ndiko ningepeleka fedha kwanza.

Limebaki suala la betri zilizokufa. Ya risasi ina soko: wanunuzi wa chakavu wanaipima kwa kilo, na fedha hiyo hupunguza bei ya seti mpya. Shida iko mwisho wa njia. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi kati ya 2007 na 2014 na kuwatia wakazi sumu ya risasi, watoto kwa watu wazima. Phyllis Omido aliongoza madai yao. Mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, Mahakama ya Rufani ikaitengua, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hapa kwetu betri isipasuliwe nyuma ya nyumba wala asidi kumwagwa mtaroni, na mnunuzi wa chakavu aulizwe anaipeleka wapi, akiwa na kibali cha nani.

Ya lithiamu ikifa, mnunuzi wa chakavu wa Tabora hana cha kuifanyia. Seti za kwanza zinazonunuliwa sasa zitaanza kuchoka baada ya miaka sita au saba, na zitakuwa zimelala stoo na vibandani. Anayeuza leo aandike kwenye risiti kwamba ataipokea betri hiyo itakapokufa, na anuani ya mahali atakapoipokea iwe ndani ya Tabora.